Kuku Aliyefunga Kuliko Mchungaji

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikionekana nimepanda bodaboda kutoka Ilongero kwenda mjini, majirani huuliza nani amefariki. Safari yangu kubwa ya wiki ni ya kanisani, na hata huko hurudi nikilalamikia magoti.

Kanisani kwetu, sadaka isiyo fedha hunadiwa uwanjani baada ya ibada: uwele, alizeti, mayai, kuku. Mnadishaji ni baba yangu mdogo, mzee wa kanisa aliyejaliwa kipaji cha kumcheka mwenzake kwa utukufu wa Bwana. Tunampenda sana. Ukishasikiliza mahubiri marefu juu ya upendo, lazima upumzike kidogo kwa kumsema jirani.

Jumapili moja mjane anayeishi ng'ambo ya ua wangu alileta tetea. Baba mdogo akamnyanyua yule kuku, akampapasa kifua.

"Jamani, huyu kuku amefunga kuliko mchungaji!"

Uwanja mzima kicheko. Mchungaji mwenyewe alicheka, na alivyo na tumbo lile, utani ulimfaa.

"Atakayemnunua aje na nyama yake, hapa kuna mifupa tu!"

Nilicheka na mimi. Ningenyamaza peke yangu ili nionekane mtakatifu? Mjane naye alicheka, ncha ya khanga ikiwa mdomoni. Baba mdogo akanikazia macho, basi nikamnunua yule kuku.

Asubuhi yake kuku akarudi kwao. Nikamfuata.

"Hodi, dada! Nimekuja kumchukua muumini wako anayefunga."

Niliona nimechekesha. Alikuwa anapepeta uwele, hakuinua uso.

"Ametoka kulea vifaranga, mdogo wangu. Ndiye anayetaga kuliko wote hapa. Nilisema nimpe Mungu aliye bora. Kumbe nimepeleka kichekesho."

Sasa, sisi ni watu wa Singida. Kuku tunawajua kuliko tunavyojua Amri Kumi. Hakuna hata mmoja pale uwanjani asiyejua kwamba kuku aliyetoka kulalia mayai na kulea hubaki ngozi na manyoya. Tulijua wote. Kicheko kilitangulia tu.

Jumapili iliyofuata hakuja kanisani, wala ile ya baada yake. Kengele ikilia, namwona anafagia ua uliokwisha fagiwa. Kina mama wa kanisa wakaenda kumtia moyo, na kwa kuwa ua unaotutenganisha ni wa matete, nilitiwa moyo na mimi.

"Mkristo husamehe, mwenzetu," alisema mmoja. "Usiwe mwepesi wa kununa."

"Ila na wewe," akadakia mwingine, "ungemlishalisha kidogo kabla ya kumleta."

Wakaomba, wakanywa chai yake, wakaondoka wamebarikiwa.

Nikamwendea baba mdogo. "Shikamoo. Yule mama haji tena kwa sababu yako."

"Marahaba. Ule ulikuwa utani tu, mwanangu! Basi nitapita kwake jioni, nimwambie samahani."

"Ulimsema mbele ya watu, baba. Samahani unapeleka gizani?"

"Mbele ya kanisa? Si watanicheka!"

Akakuna kichwa, akakubali kusema mbele ya wote.

Nilimbembeleza mjane hadi akasema atakuja, lakini atakaa karibu na mlango. Jumapili ikafika. Baba mdogo ameketi mbele, koti limefungwa vifungo vyote, jasho linamtoka. Mjane akakanyaga kizingiti. Mama anayekaribisha wageni akamwangalia, akapaza sauti kwa furaha kabisa:

"Heee! Leo mvua itanyesha! Hatimaye umetukumbuka?"

Vicheko viwili vitatu. Mjane akasimama, akarekebisha khanga, akageuka.

Baba mdogo alitoka mbele karibu anakimbia, mimi nyuma yake na magoti yangu. Tulimkuta uwanjani.

"Mama, nilikukosea," alisema, anahema. "Sadaka yako ilikuwa njema. Mimi ndiye niliyeifanya takataka."

"Nimekusikia, mzee," alijibu. "Asante." Akaendelea kwenda kwake, taratibu, bila kugeuka.

Ndani walikuwa wameshaanza kumwombea mjane aondolewe kiburi. Sauti ya mama wa mlangoni ilisikika kuliko zote.

"Atarudi?" baba mdogo akaniuliza.

"Sijui."

Niliona utani unamjia mdomoni. Akaumeza, na ulimpa taabu kushuka.