Maswali ya Saa Saba

Niseme mwenyewe kabla sijasemewa: mimi ni mtu wa kuacha vitu. Ushonaji niliuacha nilipofika kwenye kola. Kuku niliwafuga, wakafa wanane kwa wiki moja, na waliobaki nikawagawia majirani kwa hasira. Kwaya niliiacha kwa sababu mwalimu alinihamisha safu ya nyuma. Kwetu Molo jambo hili lilikuwa utani wa nyumbani. Nikisema nimeanza kitu, mama alikuwa akiuliza kama nitakiacha kabla ya viazi kuchimbwa ama baada.

Kwa hivyo mdogo wangu aliponiambia nijifunze kuandika programu za kompyuta, nilicheka mpaka nikakohoa. Nilikuwa mwalimu wa chekechea huko Milimani, mjini Nakuru, na kompyuta niliijua kwa ripoti za muhula tu. Mwenye kichwa cha mambo hayo alikuwa yeye. Alikuwa ameisomea chuoni, akarudi nyumbani kungoja kazi, na katika kungoja huko akawa anatengeneza vijiprogramu kwenye meza ya jikoni. Kimoja kilikuwa cha kumwambia mama ng'ombe yupi anatarajiwa kuzaa lini. Mama alikiamini kuliko alivyomwamini daktari wa mifugo.

Alinifundisha somo la kwanza kwa debe la viazi. Alisema fikiria debe limeandikwa jina ubavuni. Leo lina viazi, kesho lina mahindi, jina ni lile lile. Basi ndani ya kompyuta unatengeneza debe kama hilo, ukiliita jina lake linakupa kilichomo. Nilielewa papo hapo, na nikaudhika kwamba miaka yote hiyo watu walikuwa wakijifanya ni kitu kigumu.

Tukapanga. Tutajifunza wote wawili, tutafute kazi ya aina hiyo Nakuru, na tukae mji mmoja. Na kwa kuwa ananijua, aliweka sharti. Kila siku saa saba mchana, watoto wangu wa chekechea wakiwa wamelala kwenye mikeka yao, kila mmoja wetu amtumie mwenzake sentensi moja ya alichojifunza. Moja tu, kwa maneno yako mwenyewe, usinakili.

Hatukuwa tumemaliza mwezi wa pili mama alipoangukia zizini. Ulikuwa ugonjwa wa kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, na maneno yakaenda nao, ikabaki sauti moja ya kuita. Tulikaa kwenye benchi la hospitali tukaamua kwa dakika chache tu. Mimi nina mshahara, yeye hana, basi yeye akae na mama kwa muda. Tulisema hivyo, kwa muda. Nikamuuliza kama masomo yatawezekana. Akasema yatawezekana, mama akilala atasoma.

Na kweli, saa saba ilipofika kesho yake ujumbe wake uliingia.

Mimi ndiye niliyeanza kulegea. Kulikuwa na wiki ambazo kila nilichoandika kilikataa, skrini inanijibu kwa maandishi mekundu, watoto wanaamka kabla sijajua nimekosea wapi. Siku nisipotuma, yeye hakunigombeza. Alituma swali. Dada, kwani ukianza kuhesabu na sifuri badala ya moja, orodha inaishia wapi? Dada, kuna haja gani ya kuandika kitu mara kumi kama kompyuta inaweza kurudia yenyewe? Alijua mimi siwezi kulala na swali ambalo mtu mwingine anadhani silijui. Nilikuwa natafuta jibu kwa hasira, nalijaribu, namwandikia aya nzima kama mwalimu anayemkomesha mwanafunzi mkaidi. Kumbe nimesoma.

Mwaka mzima ukaenda hivyo. Nikawa nasonga. Lakini maswali yake nayo yakaanza kunichosha. Niliona amekwama. Nimeshafika kwenye mambo makubwa, yeye bado ananiuliza ya mwanzo, mengine nilikuwa nimemjibu miezi mitatu nyuma. Siku moja, nimechoka na watoto wa watu, nilimtumia ujumbe wa sauti. Ningekuwa na uwezo ningeufuta duniani. Nilimwambia haoni aibu, mimi ninalea watoto ishirini na bado nimempita, yeye kutwa yuko nyumbani. Nikasema ni uvivu tu. Neno hilo nililisema mara mbili.

Alijibu baada ya saa moja hivi. "Pole, dada. Nitajikaza."

Baadaye nilipata kazi. Ni ofisi ndogo hapa Nakuru inayotengeneza programu za vyama vya wakulima wa maziwa. Nililia kwenye ngazi. Haukupita muda bosi akasema wanahitaji mtu mwingine kabla ya mwezi kuisha, na kama namjua yeyote. Ala, si hilo ndilo swali nililokuwa nikilingojea! Nilimweleza habari za ndugu yangu kwa dakika kumi. Bosi akasema sawa, alete kitu chochote alichotengeneza mwaka huu, akione.

Nilimpigia Molo nikidhani atapiga kelele. Alisema tu kwamba ni habari njema, atatuma. Hakutuma. Mara stima zimepotea, mara mtandao, mara mama hajalala vizuri. Wiki moja ikaisha, wiki ya pili ikaingia. Mimi na hasira zangu tukaomba ruhusa ya siku tisa, tukapanda Molo Jumamosi. Nilikuwa nimejitayarisha kumsema njia nzima.

Nilimkuta uani akifua mashuka ya mama kwa maji ya baridi, mikono imekuwa myekundu. Alikuwa amekonda. Nilimsalimu mama, kisha nikamwambia mdogo wangu asijisumbue kutuma, programu zake nitazichukua mwenyewe. Laptopu yake ilikuwa kabatini chini ya blanketi. Haikuwa na chaji hata kidogo. Niliichomeka, nikangoja muda mrefu mpaka ikawaka, nikafungua mahali alipokuwa akihifadhi masomo yake.

Kompyuta huweka tarehe kwenye kila kitu unachoandika. Hata ukidanganya watu, yenyewe inaandika siku uliyogusa mara ya mwisho. Niliangalia faili la juu kabisa. Lilikuwa la mwezi ule mama alipoanguka. Nikadhani nimekosea, nikayapanga mafaili upya, nikatafuta kila pembe. Hakukuwa na kingine. Mwaka mmoja na miezi minne, hakuna hata herufi moja. Lile faili la mwisho lilikuwa limekatika katikati ya mstari, mabano hayajafungwa.

Alikuwa amesimama mlangoni anajifuta mikono. Nikamuuliza hii ni nini. Sikuweza kuuliza kwa ukali kama nilivyotaka.

"Niliacha siku ile," akasema. "Nilijaribu jioni mbili hivi, nikashindwa. Nilitaka kukwambia. Lakini wewe, dada, ukimwona mwenzako ameketi, nawe unatafuta kiti."

Nikamuuliza, na yale maswali?

"Mwanzoni nilikuuliza vitu ninavyovijua, ili usome. Baadaye nikawa nauliza vile nilivyosahau."

Nilikaa kwenye kitanda chake. Chekechea tulikuwa tukikariri methali, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na watoto walikuwa wakiipenda kwa sababu walijitwika mito kichwani na kuzunguka darasani. Niliifundisha miaka minane. Nilikumbuka ule ujumbe wa sauti na nikataka kumwomba msamaha, lakini nilikuwa nalia vibaya, ikabidi yeye ndiye aniletee maji.

Nikasema basi, hakijaharibika kitu. Nina siku tisa. Wewe kaa mezani, mimi nitakaa na mama. Utatengeneza kitu kimoja kidogo, tumwonyeshe bosi. Nilipanga kama mtu anayepanga muhula. Hakubisha. Nadhani alinihurumia.

Siku ya kwanza nilimpikia mama uji, nikamwinua, nikapeleka kijiko. Alifunga mdomo. Nilibembeleza, nikaimba, nikakasirika, nikabembeleza tena. Alikuwa ananitazama kwa jicho lile zima, akiangalia nyuma yangu, akitoa ile sauti. Mdogo wangu akainuka mezani, akachukua kijiko, mama akala. Jirani mmoja alikuwa ameshawahi kujaribu kumsaidia, akashindwa hivyo hivyo. Nilipomgeuza mama ili asipate vidonda, nilimshika vibaya akalia, na mdogo wangu akainuka tena mezani. Nilihesabu siku hiyo, aliinuka mara kumi na saba. Kesho yake sikuhesabu.

Siku ya nne alikuwa ameandika kitu ambacho mimi, mimi mtu wa kuacha vitu, ningekiandika watoto wakiwa bado wanatandika mikeka. Na kilikuwa na makosa. Alikitazama sana. Akasema, bila uchungu wowote niliousikia, "Hapa nilikuwa napita nikikimbia."

Akafunga laptopu, akaniambia nimpigie bosi, wachukue mtu mwingine.

Nikakataa. Nikamwambia ni mazoea tu, kichwa chake bado ni kile kile, kila siku kidogo kidogo atarudi, nusu saa tu. Nilimpa maneno yote aliyokuwa akinipa mimi. Nikasema nafasi nyingine itakuja, tutamzoesha mama, hii siyo haki, mimi nimefika kwa sababu yake, siwezi kukubali abaki hapa.

Alinisikiliza mpaka nikaisha. Kisha akauliza, kwa upole, kama mtu anayetaka kujua tu:

"Utarudi kukaa hapa wewe?"

Niliiwaza ofisi, na meza yangu karibu na dirisha, na jina langu walilolibandika mlangoni pamoja na majina ya wengine. Niliwaza kwamba hiki ndicho kitu cha kwanza maishani ambacho sikukiacha. Mama akaita kutoka chumbani. Mdogo wangu akatabasamu, akanigusa bega, akaenda kumgeuza.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, nilikuwa ofisini.