Ekari ya Mkurdi

Mkurdi yule alinichosha, jamani. Aliyemleta nyumbani ni mume wangu, mwenyekiti wa kijiji chetu kule Kibuta. Mgeni mwenyewe fundi wa pampu ya maji, mrefu, anachechemea. Alikuwa amepigana milimani kwao, upande wa Iraki, kudai nchi ya Wakurdi, akapigwa risasi ya paja. Alipopona akaangukia kwetu, maana miaka ile Tanzania ilipokea wapigania uhuru wa kila aina. Wenzake walimwambia asubiri kuitwa.

Basi akasubiri. Begi lake hakulifungua hata siku moja. Lilikaa pale mlangoni, na kila nikifagia nalipiga teke.

Sheria ya kijiji ilikuwa kila mtu mzima alime muhogo, asiyelima aondoke. Mkurdi akapewa ekari yake. Hakuigusa.

"Shemeji, muhogo unakaa muda gani?"

"Mwaka."

"Mimi mwezi ujao naondoka."

Mwezi ujao! Aliniimbia wimbo huo misimu mitatu. Na anayesemwa kisimani ni mimi: mgeni wa mwenyekiti halimi, anakula jasho la wenzake. Nikamfokea, nikamnunia, mwisho nikamkatia pingili za muhogo mwenyewe nikazitua juu ya begi lake. Akaziondoa kwa adabu, akaziegemeza ukutani, zikachipua humohumo ndani. Sasa mtu kama huyo utamfanya nini?

Kamati ikachoka pia. Wakakata shauri: masika haya asipopanda, anarudishwa Dar alikotokea. Nilikasirika mpaka nikaunguza ugali, maana nilikuwa nimeshamzoea, mkaidi yule.

Mvua ya kwanza ilinikuta jikoni. Yeye alikuwa barazani, sikio kwenye redio, maneno ya kwao yanakwaruza. Mara akaizima, akanifuata. Akasema wakubwa wao wameacha vita. Wapiganaji wanatupa silaha, wanakimbilia ng'ambo ya mpaka. Hakuna tena wa kumwita.

Hakulia. Akaenda ukutani akaziokota zile pingili.

"Shemeji, zinalazwa au zinasimamishwa?"

Nikaacha mwiko, nikamfuata.

"Na mkorosho unazaa baada ya muda gani?"

"Miaka mitatu, minne."

"Basi nipe na korosho za kupanda."

Misimu mitatu nilililia neno hilo, na sasa sikutaka kulisikia! Nikampokonya zile pingili, nikazificha nyuma yangu.

"Kaa kwanza, shemeji," nikamwambia. "Mvua bado."

Na bati lote juu yetu lilikuwa linanguruma kwa mvua.