Mama Gaël na Mfungo wa Kotabeki

Walipomzika Gracieuse Aksanti kule Shively, Kentucky, watu wengi walisimama kusema habari zake. Walitaja sauti yake ya kwaya, sombe yake, yaani kisamvu alichokipika, na namna alivyowatafutia wageni kazi katika ghala. Hakuna aliyetaja ile Ijumaa ya mwisho wa Agosti, labda kwa sababu wengi wao walikuwa na mkono ndani yake. Lakini anayetaka kujua Gracieuse alikuwa mtu wa namna gani, Mungu ampumzishe, aanzie siku hiyo.

Alikuwa kazini, akifunga masanduku kwa utepe, simu ilipotetemeka mfukoni mara tatu mfululizo. Saa sita mchana ilikuwa imepita kidogo. Alijificha nyuma ya rundo la makaratasi akaipokea.

"Mama Gaël? Ni Kipkoech, yule tunayekaa nyumba moja na Gaël hapa Columbus."

Gracieuse alimfahamu. Alikuwa Mkenya mpole, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika mambo ya udongo, na hakuwahi kupiga simu bila sababu.

"Sema, mwanangu."

"Mama, sitaki kukutisha. Lakini Gaël hajakula tangu Jumatano jioni. Hata maji hanywi."

"Ata maji?"

"Hata maji. Jana alienda mazoezi kwa hilo jua. Nimemwona, anajaza chupa, anasukutua, anatema, ili wenzake wafikiri anakunywa. Leo asubuhi miguu ilimkaza jikoni, akaanguka. Nikasema nampigia daktari wa timu. Akaniapisha kwa jina la marehemu baba yake nisiseme kwa mtu yeyote wa timu. Kukuambia wewe hakunikataza."

Gracieuse aliegemea ukuta. Alijua mara moja kosa lilitoka wapi. Lilitoka mdomoni mwake.

Gaël Bisimwa, mwanawe wa pekee, alikuwa kotabeki wa chuo kimoja cha Columbus, Ohio. Katika ule mpira wa Wamarekani wa kuvaa helmeti, kotabeki ndiye anayeupokea mpira kwanza na kuamua aurushe wapi, na wanaume wazito wanamkimbilia kumwangusha. Timu ikishinda anabebwa juu, ikishindwa analaumiwa yeye. Mwaka uliotangulia aliteguka bega katikati ya msimu, timu ikaporomoka, na watu wakaandika mitandaoni maneno ambayo mama hapaswi kuyasoma. Angeweza kuhamia chuo kingine. Yeye akasema anarudi. Tangu hapo jina lake likawa kama deni kwa kila mtu. Kinyozi wa Shively alibandika picha yake kiooni. Msimamizi wa Gracieuse pale ghalani alimwambia kila asubuhi, "Mwaka huu hatutaki kulia, mama." Na kanisani, wapagazi wa ghala na mama wanaotunza wazee, watu ambao hawakujua hata sheria za mchezo ule, walinunua fulana zenye namba yake, wakakodi basi la kwenda Columbus kwa mechi ya kwanza. Mtoto wa mkimbizi angeonekana na nchi nzima. Heshima ile ilikuwa ya wote.

Ndipo Koko Yudita, yaani Bibi Yudita, alipotangaza mfungo wa kuiombea mechi hiyo. Koko alikuwa mama mkwe wa Gracieuse, bibi wa miaka sabini na minne aliyebaki Buffalo, jimbo la New York, wakati wengine walipohamia Kentucky kufuata kazi. Yeye ndiye aliyekuwa mama wa maombi wa ukoo: akifunga neno kwa Mungu, ni yeye anayelifungua. Siku tatu, alisema, Alhamisi mpaka Jumamosi baada ya mechi. Watu wa kanisa walifunga mpaka jioni wakanywa chai yao, na Gracieuse pia. Lakini huwa inasemwa kwao kwamba mwenye haja asipofunga, wengine wanapoteza nguvu bure. Kwa hiyo Gracieuse alimpigia mwanawe: "Na wewe ufunge. Haja ni yako." Hakusema namna gani. Saa hiyohiyo Koko naye alimpigia, na Koko akasema watu wa damu ya Bisimwa wanafunga kavu, bila chakula wala maji.

"Mwite," Gracieuse alimwambia Kipkoech. "Mupe simu."

"Ameenda kupata masaji, simu ameacha. Mama, hata nikimwambia daktari, atakana. Atasema amekula. Anawasikiliza ninyi wawili tu, wewe na Koko. Na saa kumi na moja basi la timu linawachukua kwenda hoteli, simu zinakusanywa mpaka kesho."

Gracieuse alimpigia Koko. Simu ilikuwa imezimwa, kama kawaida ya Koko akiwa katika maombi. Akampigia Fides, Mhaya wa Bukoba mwenye duka la vyakula Grant Street kule Buffalo, kwa sababu Koko alikaa chumba cha juu ya duka hilo.

"Panda umugongee, dada yangu. Mwambie Mama Gaël anasema afungue mutoto. Neno moja tu."

"Huyo bibi yako ni mgumu, unamjua," alisema Fides. "Lakini nakwenda."

Kisha Gracieuse alimwendea msimamizi kuomba ruhusa. Aliposikia ni habari ya Gaël, yule bwana alitabasamu mpaka masikioni. "Nenda, nenda! Kamwambie safari hii hakuna visingizio."

Aliingia garini na sare ya kazi. Njia ya Columbus ni zaidi ya saa tatu, na ilikuwa saa saba kasoro dakika ishirini. Aliendesha mikono imekaza usukani, akiomba kwa sauti, na ombi lenyewe lilikuwa limepotea maneno: Bwana, maji, Bwana, maji. Karibu na Cincinnati, magari yalisimama kabla ya daraja. Jua lilipiga kioo. Fides akapiga.

"Nimegonga. Amenijibu kupitia mlangoni: 'Niache na Bwana wangu.' Nikamwambia ni juu ya Gaël. Akasema, 'Ndiyo maana.'"

"Rudi tena."

"Nina wateja, Mama Gaël."

"Fides, nakuomba. Mutoto atakufa uwanjani mbele ya watu."

Magari yakasogea kidogo, yakasimama tena. Akiwa pale darajani, mto ukipita chini, Gracieuse alikumbuka jambo ambalo hakupenda kulikumbuka. Mumewe, Bisimwa, alikufa kambini Burundi kwa kuhara, na siku ya mwisho aliomba maji, na mtungi ulikuwa mtupu. Koko Yudita ndiye aliyekimbia kutafuta. Aliporudi hayakuhitajika tena. Mtoto aliyebaki alikuwa Gaël, mwenye paji la baba yake, na tangu siku hiyo Koko hakuamini mikono ya mtu isipokuwa ya Mungu.

Alifika University District, mtaa wa wanafunzi kule Columbus, saa kumi na dakika ishirini na tano. Nyumba zote za mtaa ule zilitundika bendera za timu. Wanafunzi walikuwa barazani na muziki, na mmoja wao, aliyevaa fulana ya namba ya Gaël, alikuwa akipiga kelele jina lake kuelekea dirishani kana kwamba anamtania ndugu yake.

Gaël alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyuma, begi la timu miguuni. Midomo ilikuwa imepasuka. Alipomwona mama yake alijaribu kusimama, akashika ukuta.

"Mama, what are you doing here?" Tangu shule ya msingi alimjibu mama yake kwa Kiingereza.

"Nimekuja kukufungua."

"What did Koko say?"

"Koko hajasema kitu. Fides anagonga."

Gaël akatikisa kichwa. Safari hii akasema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayechagua mawe ya kukanyaga mtoni. "Donc, basi hapana. Mama, unawasikia hawa? Usiku na mchana wanaita jina langu. Tukishindwa hawa watanitukana, nimezoea. Lakini basi la kwetu linakuja kesho. Mzee wa kanisa, Baba Balagizi, ameniletea ujumbe wa sauti, watu arobaini wanaimba. Nikikunywa leo na tukashindwa kesho, watasema ni mimi. Mufungo ulivunjwa na mwenye haja. Koko atasema ni mimi. Nitamuambia nini Koko?"

Kipkoech alisimama mlangoni na chupa ya maji mkononi, hajui aangalie wapi.

Simu ya Gracieuse ikalia. Ilikuwa Fides, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mama Gaël, nimegonga mara ya tatu, hajibu tena. Hata neno. Nimemwita mwenye nyumba alete ufunguo. Subiri, usikate."

Kulikuwa na vishindo, mlango, Fides akiita jina la Yesu. Kisha simu ikakatika.

Gaël alikuwa amesikia. Uso wake ulikauka zaidi, kama ilikuwa inawezekana. "Anaomba," alisema. "Akiomba sana hajibu. Sindio?"

Saa ya Gracieuse ilionyesha kumi na dakika thelathini na tatu. Aliyelifunga neno hakuwapo kulifungua. Yeye alikuwa mkaza mwana tu, mtu aliyeingia katika ukoo kwa ndoa, na katika miaka yote aliyokaa nao hakuwahi kuongoza hata sala ya chakula mbele ya Koko. Alimpokea Kipkoech chupa. Akapiga magoti pale penye zege, na sare yake ya ghala, akasema kwa sauti ya kawaida, wanafunzi wakimtazama kutoka baraza la jirani:

"Bwana, mimi Gracieuse ninafungua hili neno. Kama kuna hesabu, iwe yangu. Mutoto usimuulize kitu."

Akanywa yeye kwanza. Ilikuwa mchana bado, na mfungo wake nao ukavunjika. Akamwekea Gaël chupa mdomoni kama alivyofanya alipokuwa mtoto mchanga.

"Kunywa. Kesho wakiuliza, ni mama yako."

Alikunywa mafunda mawili, akatapika. Akanywa tena, kidogo kidogo, Kipkoech akiweka chumvi na sukari kidogo. Ndipo misuli ya mapaja ikamkaza akapiga yowe, na wale wanafunzi wa jirani wakaacha muziki. Gracieuse akamwambia Kipkoech, "Sasa piga daktari wao. Kiapo nimekifungua na chenyewe."

Daktari wa timu alikuja na gari kabla ya basi. Alimpima, akasikiliza habari yote, na wala hakucheka wala kukaripia. Alisema kijana alikuwa anaelekea kuharibu figo, na kwamba kesho hachezi, hata dakika moja.

"Lakini mechi..." alisema Gaël.

"Hata dakika moja," daktari alirudia.

Hivyo Jumamosi uwanja ulijaa, watu wa Shively wakaketi juu kabisa na fulana zao, na jina la kotabeki lilipotangazwa lilikuwa la mwingine. Gaël alisimama pembeni amevaa kofia ya kawaida. Mwanzoni watu walinong'ona; timu ilikuwa imetangaza tu kwamba ameishiwa maji mwilini. Timu ilipoachwa nyuma wakaanza kuzomea, na si yule aliyekuwa akicheza waliyemzomea. Mwanamume aliyekaa mbele ya Gracieuse alivua fulana yenye namba ya mwanawe akaikalia. "Amerudi kufanya nini, basi?" alimwambia jirani yake. "Bega, sasa maji! Kesho itakuwa mafua." Gracieuse alisikia kila neno. Alishika rozari aliyopewa na jirani Mkatoliki, yeye asiye Mkatoliki, kwa sababu vidole vilihitaji kazi.

Walishindwa.

Baada ya mechi kanisa lilikuwa limepanga kufungulia mfungo penye maegesho, kando ya basi: fufu, ule ugali wa muhogo, samaki, sombe kwenye masufuria yaliyofungwa blanketi. Gracieuse alisimama mbali. Aliyevunja mfungo haketi na waliomaliza. Hakuna aliyemfukuza, lakini hakuna aliyemwita.

Baba Balagizi, mzee wa kanisa aliyekodi basi, alimjia mikono nyuma.

"Mama Gaël. Watu arobaini. Siku tatu."

"Ni kweli, Baba."

"Bon, sawa. Ungetuuliza. Tungeomba pamoja, tungeona."

"Hakukuwa na wakati wa kuona. Ni mimi nilimufungulia. Koko hakuwa hapo. Kama ni kosa, ni langu, musimuangalie mutoto vibaya."

Balagizi akafungua mdomo kujibu, ndipo simu ya Gracieuse ilipolia. Fides. Tangu jana usiku alikuwa ametuma ujumbe mmoja tu: wako hospitali, wanamwangalia bibi. Gracieuse aliweka sauti ya nje.

"Niko naye hapa," alisema Fides. "Ameamka vizuri. Tulimkuta sakafuni, hakuweza hata kunyanyua kichwa. Anataka kusema."

Sauti ya Koko Yudita ilikuja nyembamba, lakini ilikuwa yake. "Gracieuse. Mutoto alikunywa?"

Watu waliokuwa na sahani wakasogea karibu.

"Alikunywa, Mama. Jana saa kumi na nusu. Nilimufungulia mimi."

Kitu kilipiga mlio taratibu upande ule wa simu, mashine ya hospitali.

"Nilisikia Fides ile mara ya tatu," alisema Koko. "Nilitaka kusema mufungue. Kinywa kilikataa. Nililala pale chini nikasema, Bwana, tafuta mutu mwingine mwenye kinywa." Akapumua. "Sasa mimi wananipitishia maji mukononi, ata ruhusa hawakuniomba."

Mama mmoja wa kwaya akacheka, akaziba mdomo. Balagizi akatazama chini.

"Gaël iko wapi?"

Alikuwa anakuja kutoka lango la wachezaji, peke yake, akitembea kama mzee, na watu wawili wenye fulana za timu walikuwa wakimfuata wakimtupia maneno. Balagizi ndiye aliyewaona kwanza. Akamwacha Gracieuse, akaenda akasimama kati ya kijana na wale watu, mzee mfupi wa suti ya kahawia, mpaka wakachoka wakarudi.

Gracieuse akampa Gaël simu. Yeye mwenyewe akaketi chini kwenye ngazi ya basi, na yule mama wa kwaya akamletea sahani.