Yule Aliyetaka Rada Ikae Chini

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana nikishaanza sitanyamaza. Haya niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, mchana, bila kuonja hata tone la pombe. Padri wetu hapa Amagoro nilimweleza yote. Hakucheka.

Kazi yangu ni kufunga madishi na kamera mjini Malaba. Mambo ya ziwani siyajui sana. Lakini mwaka juzi mama mmoja wa Port Victoria, kule ziwani, alinipigia simu. Anaitwa Mama Nabwire, mjane anayekwenda visiwani kununua samaki kwa mashua yake ya tanga. Alikuwa amenunua rada kuukuu ili imsaidie kuona wakati wa ukungu.

"Si wewe ni fundi wa dishi?" akasema. "Hii nayo ni dishi tu."

Nikaenda. Swali lilikuwa moja: ikae wapi? Juu ya mlingoti ingeona mbali. Nyuma, kwenye nguzo fupi karibu na usukani, isingefika mbali sana, lakini vitu vya karibu ingeviona vizuri. Nilichagua mlingoti, na Mama akakubali. Fundi gani hupenda kufunga chombo chini wakati juu kuna nafasi?

Saa nane mchana, jua kali, Mama akaenda kunitafutia chai. Mimi nilikuwa napima waya nikasikia kuna mtu nyuma yangu. Alikuwa mwanamume wa makamo, ovaroli ya buluu, mkono mmoja wa nguo umekunjwa na mwingine umeachwa hivyo hivyo. Hakunisalimu. Huku kwetu, nani anakukuta kazini asikusalimu?

"Boss, usipeleke hiyo kitu juu," akasema. "Weka hapa nyuma. Ikikaa huko itaona mbali, lakini mtu akiwa karibu na mashua itampita. Vile mimi nilipitwa."

Nikadhani ni wale vibarua wanaojua kazi ya kila mtu. "Mwenye mashua amesema juu," nikamjibu. Nilipoinua macho hakuwepo. Nikasema ameenda zake. Nikapanda mlingoti, nikakaza skrubu.

Asubuhi iliyofuata tulitoka kuijaribu, mimi na Mama peke yetu, tanga limekunjwa, tukisukumwa na injini. Ukungu ulikuwa mzito. Kioo cha rada kilionyesha ufuo, kikaonyesha mashua za mbali, na karibu yetu hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimeanza kujisifu moyoni sauti ilipoita: "Mama Nabwire!" Karibu, niamini, kama mtu mliyeketi naye meza moja.

Mama akazima injini. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kwa mashine kuna mtu?"

"Hakuna."

Akaketi. Hapo ndipo aliponiambia kwamba mumewe, Wandera, alianguka majini katika ukungu kama ule. Aliita. Mama alidhani sauti inatoka mbele, akaongeza mwendo, akaenda kumtafuta mbali. Kumbe alikuwa nyuma yake pale pale. Mwili haukupatikana. Nikamweleza juu ya yule mtu wa ovaroli, na kabla sijamaliza akauliza, "Mkono gani ulikuwa umekunjwa?"

"Wa kushoto."

Machozi yakamtoka bila sauti. "Turudi," akasema. "Ushushe hiyo kitu uweke mahali amesema."

Kwa nini sikukataa? Hata mimi najiuliza mpaka leo.

Alasiri rada ilikuwa kwenye nguzo ya nyuma na tukatoka tena. Ukungu ulikuwa umeondoka, ziwa limetulia kama uji uliopoa. Kwenye kioo nukta ikatokea nyuma yetu, karibu kabisa. Sasa elewa: rada huona chuma, mvua, mashua, hata mawimbi. Kichwa cha mtu majini si rahisi kukiona. Na mawimbi hayakuwepo. Nikageuka nikatazama, maji matupu. Tukikata kona, nayo inakata. Mama akazima injini. Nukta ikasogea. Ikasogea tena, mpaka ikapotelea katikati ya kioo, pale tulipokuwa sisi.

Kisha mashua ikainama upande wa nyuma, polepole, vile inavyoinama mtu mzima akishika ukingo na kujivuta ndani.

"Pole, Baba Nabwire," Mama akasema, macho yake mbele. "Nilikupita. Pole."

Upande ule haukuinuka tena mpaka tulipofika ufuoni. Mimi sikugeuka.

Nilidhani yameishia hapo. Miezi michache baadaye akanipigia. "Fundi, zimekuja nukta zingine. Zinanifuata kama vifaranga vya bata. Wamejua kuna mashua inabeba watu." Akasema wanapanda mmoja mmoja, na kwamba maji yamebakisha kidole kimoja kufika ukingoni mwa mashua, ilhali hajapakia hata samaki mmoja.

"Ivute nchi kavu uichome!" nikamwambia.

"Na yeye je? Nimwache mara ya pili?"

Nasikia bado anatoka, peke yake, kwa sababu hakuna anayekubali kupanda naye. Mimi kazi ya ziwani sijaigusa tena, na simu ikilia asubuhi kukiwa na ukungu naiacha ilie mpaka inyamaze.

Fungeni rada zenu, sikatazi. Lakini wewe unayesafiri ziwa lile, ukiona nyuma yako nukta ambayo moyo wako unaijua, lia, omba, mtaje kwa jina ukitaka. Usizime injini.