Nilivyoipuliza Pombe ya Wakwe

Kila asubuhi, baada ya sala, mke wangu hunipa kidonge na kunikazia macho hadi nimeze. Ni dawa ya kunisaidia kuacha pombe. Daktari wa mtaa wa Kamenge alinieleza bila kuficha: dawa hii ikiwa mwilini, hata funda moja la pombe litakuwasha uso, moyo utaenda mbio, na utatapika mbele za watu. Nilimshukuru Mungu kwa kuniletea kitu kikali kumshinda mke wangu.

Kisha wakwe wakaja kwetu Ngagara kumposa binti yetu. Walileta mtungi wa urwarwa, pombe ya ndizi, na mirija miwili: mmoja wa msemaji wao, mmoja wangu. Kwetu baba akikataa kunywa, amekataa ndoa. Binti yangu alichungulia nyuma ya pazia kama anayesubiri matokeo ya mtihani.

Nikaomba hekima kimoyomoyo. Nilichopata hakikuwa hekima. Niliinama, nikaubana mrija kwa midomo, na badala ya kuvuta nikapuliza, ili mashavu yaonekane yana kazi. Mtungi ukanguruma. Povu likapanda, likafurika, likatua juu ya viatu vyeupe vya msemaji.

"Muzee," akasema akivitazama, "unakunywa ao unapika?"

"Niko nabariki," nikajibu.

"Kwa kupuliza? Sema tu kama umekatala mutoto wetu!"

Nyuma ya pazia nikasikia binti yangu akivuta kamasi. Nikaona heri aibu yangu kuliko machozi yake.

"Apana, ndugu yangu. Mi niko kwa dawa ya kuacha pombe. Nikikunywa hata kidogo, nitatapika juu ya hiyo viatu."

Akavuta miguu upesi chini ya kiti. Wazee aliokuja nao wakacheka hadi mmoja akaomba maji.

"Sawa," akasema, naye akijizuia kucheka. "Lakini mutungi haurudi nyumbani. Nani atakunywa kwa ajili yako?"

Mke wangu, kiongozi wa kikundi cha sala, ambaye sijawahi kumwona akionja pombe, akanyanyuka. Akafanya ishara ya msalaba, akaninyang'anya mrija, akavuta. Akakunja uso. Tukangoja. Akavuta tena.

"Mama, imetosha," nikamnong'oneza.

"Nyamaza. Ya kwanza ilikuwa ya kukubali. Hii ni ya kuhakikisha."

Vigelegele vikapigwa kabla hajauachia mrija. Binti yangu akatoka nyuma ya pazia bila kuitwa, jambo lisilofaa kabisa, na hakuna aliyemkemea.