Mwanangu alivimba miguu katikati ya mashamba ya karanga, nikaambiwa nimembemenda

Wakuu, marahaba. Najua hamjanisalimia bado, lakini nikisubiri atokee wa kunizidi umri humu ndani nitasubiri mpaka kiama.

Nina miaka themanini na ushee. Simu naijua, miwani ninayo, na ninachoandika kimenipata mimi mwenyewe. Anayetafuta chai aende jukwaa la mapenzi, kule inachemshwa kila saa.

Nimechokozwa na uzi wa juzi. Dada mmoja kaandika kwamba mtoto wake kavimba miguu na nywele zimekuwa nyekundu. Wadau kibao, wengine wanajisifu wana digrii, wakamjibu: "Huyo kabemendwa."

Kwa wasiojua, kubemenda ni kumdhuru mtoto mchanga kwa uzinzi. Mama au baba akitoka nje ya ndoa, mtoto anadhoofu. Ndivyo wasemavyo. Na ajabu ni kwamba hata baba awe kiwembe kiasi gani, anayewekwa kikao ni mama.

Sasa nisikilizeni.

Mimi ni mzaliwa wa Nandagala, Ruangwa. Miaka ya hamsini niliolewa na kijana wa Chinongwe, nitamwita Mshamu. Alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba makubwa ya karanga ya Wazungu, Nachingwea. Enzi hizo dereva wa trekta alikuwa mtu hasa. Mshamu alivaa suruali ndefu na viatu hata akienda chooni.

Tukahamia kambi ya wafanyakazi. Wiki ya kwanza nikapika ugali wa mtama na mlenda. Mshamu akausukuma pembeni kwa kidole.

"Mwajuma, hapa si Nandagala. Unataka watu wanione mshamba?"

Ikawa sheria ya nyumba. Mtama marufuku. Kisamvu marufuku. Ming'oko, vile viazi vya porini tunavyochimba na kuchemsha huku kwetu, nilivitaja mara moja tu akanuna siku mbili. Tule unga mweupe wa mashine, mkate wa dukani, na chai yenye sukari mpaka kijiko kisimame.

Na karanga? Hicho ndicho kichekesho chenyewe. Zilituzunguka pande zote, jicho halioni mwisho. Lakini kwetu sisi wake wa madereva karanga ilikuwa kazi, si chakula. Ukionekana unaitwanga, wenzako wanakucheka kwamba mumeo hawezi kukununulia nyama. Nyama yenyewe tuliiona sikukuu.

Nikamzaa Somoe. Alipofika miezi minne, Mshamu akaja na kopo la maziwa matamu, lina picha ya ng'ombe aliyenona kuliko sisi sote.

"Mke wa meneja hanyonyeshi," akasema. "Wewe kila saa kifua nje, kama mbuzi."

Ningeweza kukataa. Sikukataa. Nilikuwa na miaka kumi na minane na mimi pia nilitaka nionekane mke wa dereva. Maziwa yangu yakakauka, nikafurahi kifua kimerudi cha msichana. Mjinga mimi, na sijawahi kujipa jina jingine.

Kopo halikutosha, kwa hiyo niliyazimua maziwa kwa maji. Kijiko kimoja kwa chupa nzima. Mwanzoni mtoto akajaa mashavu, majirani wakamsifia. Alipokaribia mwaka, unene ukashukia miguuni. Ukibonyeza, kishimo kinabaki pale pale. Nywele zikawa nyekundu, ngozi ikabambuka. Kilichonitisha zaidi ni kwamba aliacha kulia.

Mama mkwe akaja kutoka Chinongwe. Alimtazama mtoto mara moja tu, akanigeukia mimi.

"Huyu umembemenda. Na nani?"

Nikaapa, nikalia. Mshamu, ambaye hawara zake wawili wa palepale kambini niliwajua kwa majina, alishika tama utadhani kaonewa yeye.

Akaitwa mganga. Akasema dawa anayo, ila haikubali mpaka mama amtaje huyo mwanaume. Asipomtaja mtoto atakufa, na kifo kitakuwa juu yake.

Wakuu, jiwekeni pale. Mwanangu yuko mapajani, hataki kula, anapumua kwa shida. Dawa iko kwenye kibuyu, hatua mbili kutoka nilipokaa. Kinachozuia ni jina tu.

Nikataja. "Athumani."

"Athumani yupi?"

Sikuwa nimefikiria mbali hivyo. Kambi ile ilikuwa na akina Athumani sita, mmoja wao ana mvi hadi masikioni. Mshamu akajichagulia mwenyewe. Akamwendea Athumani mpishi, kijana mpole aliyewahi kunitua mzigo wa kuni, akampiga mpaka akatema jino. Wiki hiyohiyo kijana wa watu akahama. Sikupata kumwomba radhi, na hilo linaniuma kuliko yote niliyofanyiwa mimi.

Somoe akanyweshwa dawa. Siku ya tatu yuko vilevile. Mimi nikapewa talaka, na mtoto nikakabidhiwa bila ubishi. Mtoto anayekufa hagombewi.

Lori likanifikisha Ruangwa, kutoka hapo nikatembea hadi Nandagala. Mama yangu akamfungua mtoto kwenye kanga, akambonyeza mguu.

"Anakula nini huyu?"

Alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza. Nikamweleza. Mama akaguna, akaingia jikoni. Akasaga mtama, akatwanga karanga na kunde mpaka zikalainika, akapika uji mwepesi. Akamnywesha kidogo kidogo kutwa nzima, na kesho yake tena. Baadaye akaongeza mlenda, halafu yai. Majirani wakaja juu: mtoto akilishwa yai atakuwa mwizi.

"Na aibe," mama akasema, "ila awe hai."

Wiki ya pili Somoe akalia. Kilio cha hasira, cha mtu anayedai chakula chake. Nikakaa chini nikalia naye kwa furaha. Mvua zilipoanza alikuwa anasimama.

Mnadhani basi nilitakasika? Habari zikafika Chinongwe, mama mkwe akapita nyumba kwa nyumba: "Mmeona? Alipomtaja tu yule mwanaume, mtoto kapona." Uji wa mama yangu haukutajwa na mtu. Kupona kwa mwanangu kukawa ushahidi dhidi yangu.

Mshamu aliendelea na mkate wake na sukari yake. Uzeeni alikatwa mguu kwa kisukari. Ukoo wakasema nimemroga mimi.

Miaka mingi baadaye nilikuta picha ya mtoto kama Somoe ukutani kliniki. Nesi akaniambia ni kwashakoo, utapiamlo. Mtoto kakosa chakula cha kujenga mwili, basi. Nilisimama pale nikacheka peke yangu, nesi akadhani nina wazimu.

Na nyinyi mnaocheka mambo ya kale, hamna tofauti. Mtoto wa mwaka mmoja mnampa soda na biskuti, mnaita maisha mazuri. Mboga ya majani inaitwa ya maskini. Presha ikiwapanda mnatafuta mchawi, yule aliyewakaangia chipsi mnamsalimia.

Nilichojifunza ni hiki: aibu ya watu imetuulia watoto wengi kuliko njaa yenyewe. Tuliona aibu kula chakula chetu, halafu mtoto akiugua tukamtafutia mama yake aibu nyingine. Huyo dada wa juzi ampeleke mtoto hospitali leo, na hao washauri wake wenye digrii wakae kimya.

Nimalizie. Mwaka jana Somoe, ambaye sasa ni bibi wa watu, alinifungia mlango tukabaki wawili. "Mama, wote wameshakufa, niambie tu ukweli. Yule Athumani ndiye baba yangu?"

Kumbe amelibeba hilo maisha yake yote. Nilisingizia usingizi, nikageukia ukutani.

Wengine changieni, mnitukane mkitaka, nimeshatukanwa na wakubwa zenu. Ila Somoe, najua unapita humu. Baba yako ni Mshamu, kwa bahati mbaya. Hukubemendwa, mwanangu. Ulikuwa na njaa, na aliyekushindisha njaa ni mimi.