Flash ya Msiba wa Mama

Watu wa Iringa hutunza flash mahali pa ajabu. Nina duka la stationery karibu na soko, nachapa barua, natoa kopi, nahamisha mafaili, na kila siku ya Mungu lazima mtu anikabidhi flash iliyotoka kwenye sidiria, bado ina joto na jasho. Wengine huifunga kwenye funguo pamoja na kichupa cha ugoro. Ikigoma kusoma, mwenyewe anaichomoa, anaipuliza kwa mdomo mpaka mate yanaruka, kisha ananirudishia niichomeke tena kwenye kompyuta yangu. Mimi huipokea kwa karatasi. Wanasema najisikia. Waache waseme, nina kinyaa na sioni haya kukitaja.

Ndiyo maana bado nachefukwa nikikumbuka jinsi nilivyohangaika na video ya msiba wa mama yangu.

Mama alizikwa Mbeya, kule Iyunga, nyumbani kwa kaka yangu. Mdogo wake, ambaye kwangu ni mama mdogo, hakufika. Alikuwa amelala kwake Kilolo na nyonga iliyovunjika, hawezi hata kujigeuza bila kushikwa. Alichoweza ni kutuma kifurushi kwa basi, na ndani yake khanga moja kuukuu. Zamani, wakiwa wasichana, yeye na mama walinunua doti moja wakagawana, kila mtu kipande chake. Mama alishasema azikwe na cha kwake. Mama mdogo akatuma na cha kwake, ili dada yake aende na doti nzima.

Kifurushi nilikipokea mwenyewe stendi. Ilikuwa khanga ya zambarau iliyopauka, na kwenye pindo moja ilikuwa na alama ya kuungua na pasi, pembetatu kamili. Nikamkabidhi wifi yangu, mke wa kaka, maana ndiye aliyesimamia kumvalisha mama. Mimi wakubwa walinizuia kuingia, wakasema nitaanguka.

Baada ya hapo mama mdogo alikuwa na swali moja tu kila akinipigia simu.

"Ile khanga waliiweka?"

"Waliiweka, mama."

"Uliona?"

Nikasema sikuona, niliambiwa. Akasema, "Basi niletee video nione mwenyewe. Nikiiona nitalala."

Mpiga video wa Iyunga ni baba mzima mwenye kitambi, na ofisi yake ni chumba kinachonuka mafuta ya chipsi. Nilimpelekea flash mpya, nikaifungua pakiti mbele yake. Aliipokea kwa vidole vinavyong'aa mafuta ya kuku. Mstari wa kunakili ulipokaribia mwisho, aliing'oa tu kama mtu anayeng'oa kisiki. Nikamwambia asubiri imalize, kisha aitoe kwa utaratibu.

"Hayo mambo ya shuleni, dada," akasema. "Sisi huku tunachomoa tu."

Nilipofika Iringa, jina la faili lilikuwepo, lakini video haikufunguka. Nikampigia, akaniambia flash yangu ni feki. Mtu ameharibu kazi kwa uzembe wake, halafu kosa anakutupia wewe. Nilimsema mpaka akakubali kutuma flash yake mwenyewe kwa basi. Ikaja imeviringishwa kwenye tishu iliyokwisha kutumika. Siongezi chumvi. Niliisugua kwa spiriti, na pamba ikatoka nyeusi.

Ndani ndiko kulikuwa kuchafu zaidi. Virusi vilikuwa vimegeuza mafolda yote kuwa shotikati, ukibofya hakuna kinachofunguka. Antivairasi ilipomaliza kusafisha, nikakuta msiba wa mama yangu umehifadhiwa katikati ya harusi za watu na filamu za uchi. Mama yangu, mzee wa kanisa, ambaye hata runinga yake aliifunika kwa kitambaa. Nilitoka nje nikatema mate. Kisha nikarudi, kwa sababu kuna mtu Kilolo alikuwa halali.

Angalau hii video ilifunguka. Tatizo likawa ukubwa. Huku kwetu video ya msiba isiyoonyesha kila mtu ni ugomvi wa ukoo mzima, kwa hiyo mpiga video hakati kitu. Anapiga waliolia na wasiolia, wanaomenya ndizi, wanaogawa chakula, wanaokula, mpaka sufuria zinapooshwa. Yote hayo faili moja, saa nyingi.

Nilipotaka kuihamishia kwenye flash yangu nyingine, ndogo, kompyuta ikakataa, ikasema faili ni kubwa mno. Flash yenyewe ilikuwa tupu. Najua ugonjwa huo, wateja huniletea kila wiki. Flash iliyoandaliwa kwa mtindo wa zamani haipokei faili moja kubwa kupita kiasi, hata nafasi ikiwa tele. Ni kabati kubwa lenye mlango mdogo. Nguo zitaingia zote, godoro halipiti. Ningeweza kuiandaa upya kwa mtindo mpya, lakini runinga ya mama mdogo mtindo huo haiusomi. Nilishajaribu na video ya kwaya, ikatoa kioo cheusi. Iliyobaki ilikuwa kuikata video vipande vipande.

Ili ukate, lazima utazame. Jumapili nilifunga duka nikakaa nayo. Mpiga video alikuwa amepachika mioyo myekundu inayopepea, na namba yake ya simu ilikuwa ikipita chini ya jeneza, kwenda na kurudi. Uso wa mama ulionekana vizuri. Kuanzia kifuani kushuka chini, watu walikuwa wameziba na migongo yao, khanga huioni. Nikajipa moyo kwamba imo.

Kipande cha mwisho kilikuwa cha chakula. Wifi yangu alikuwa amesimama kwenye sufuria kubwa akipakua wali, na kiunoni amejifunga khanga ya zambarau. Nikasimamisha video. Nikaikuza picha. Pembetatu ya pasi ilikuwa pajani kwake. Nikaiacha iendelee, na nikamwona akiinua pindo, akajifutia mchuzi vidoleni, akaendelea kupakua huku akicheka na mtu. Nimeshika flash za jasho, za mate, za ugoro, lakini sijawahi kuchukizwa namna ile.

Nilinakili vipande vyote isipokuwa hicho. Niliisubiri flash imalize, nikaitoa kwa utaratibu, nikapanda gari ya Kilolo.

"Kamwene, mwanangu," mama mdogo alinisalimu kutoka kitandani, macho tayari yako kwenye runinga. Video zikasoma moja baada ya nyingine bila kukwama. Aliona nyumba, akaona mchungaji, akaona uso wa dada yake, akaomba nirudie hapo. Alisogea mpaka akaguna kwa maumivu ya nyonga, akijaribu kuchungulia nyuma ya ile migongo. Likaja kaburi, likafukiwa, mashada yakawekwa. Kisha kioo kikawa kitupu.

"Imeisha?"

"Imeisha, mama."

"Mbona hawajaonyesha watu wakila?"

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye flash. Nikasema kipande hicho kiligoma kuingia, faili lilikuwa na hitilafu, nilijaribu sana. Nilisema kwa sauti ile ile ninayowaambia wateja dukani. Akaiacha runinga, akanigeukia. Huyu alikaa kwenye misiba kabla mimi sijazaliwa, anajua hakuna mpiga video anayeacha chakula.

"Nani kaivaa?" akauliza.

Sikuweza kudanganya mara ya pili. "Wifi."

Hakulia, wala hakumtukana. Aliomba rimoti, akarudi mwenyewe kwenye kile kipande cha jeneza, akaisimamisha picha kwenye uso wa mama, na namba ya simu ya yule baba ikaganda pale chini.

"Kaenda na nusu," alisema.